Deni letu, sahihi ya nani? Namna Serikali inavyokopa, na pale mwananchi anapopaswa kuulizwa

Sehemu ya maji yanayoingia Jiji la Arusha leo hutoka kwenye visima vilivyochimbwa wilayani Hai, ng'ambo ya mpaka wa mkoa, yakafika hapa kwa mabomba yaliyolazwa kwa fedha za mkopo. Mradi wenyewe wenyeji wanaujua kwa bei yake: ule wa bilioni 520. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinisha mwaka 2015, na shabaha yake ilikuwa kupandisha uzalishaji wa maji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi lita milioni 200. Mitaa iliyozoea maji ya mgawo na ya kununua kwa ndoo iliuhitaji mradi huu, na mimi sisemi kwamba ungeachwa.

Swali langu ni jingine. Muulize mkazi wa Ngarenaro au Sombetini mradi ule ni wa nani, atakujibu ni wa Serikali, au ni wa wafadhili. Wachache sana watakwambia kwamba sehemu kubwa ya fedha zile ni deni, kwamba deni hilo limeandikwa kwa fedha za kigeni, na kwamba litaendelea kulipwa hata watoto walioko darasa la kwanza leo watakapokuwa watu wazima wanaolipa kodi. Si kwamba watu ni wavivu wa kuuliza. Hakuna siku waliyoitwa wakaelezwa.

Linganisha na bei ya maji. Mamlaka ya maji ikitaka kupandisha bei, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huitisha mkutano wa taftishi: mamlaka husimama mbele ya watumiaji kueleza kwa nini inataka kuongeza, na mwananchi hupewa kipaza sauti akasema anavyoona. Kwa hiyo kuhusu bili ya mwezi tunaulizwa. Kuhusu mkopo uliojenga mtandao mzima, ambao uzito wake ni mkubwa kuliko bili yoyote, hatuna kikao cha namna hiyo.

Nani anakopa, na kwa ruhusa ya nani

Mwenye mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali ni Waziri wa Fedha. Mamlaka hayo anayapata kwenye Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali ya mwaka 1974, ambayo ni Sura ya 134 ya sheria zetu. Kabla ya kusaini, maombi hupita kwenye kamati za usimamizi wa deni, na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu hupitia mkataba. Jiji la Arusha haliwezi kwenda Benki ya Dunia kivyake. Barabara za lami za mitaani zilizojengwa chini ya mradi wa miji mkakati, ule wa TSCP ulioanza mwaka 2010, na kazi za TACTIC, mradi mwingine wa miundombinu ya miji unaohusu miji 45, fedha zake hukopwa na Hazina, zikashuka TAMISEMI, ndipo zikafika kwa mkurugenzi.

Kulipa nako kumeshawekewa utaratibu. Ibara ya 141 ya Katiba inasema deni la taifa litadhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Mfuko huo ndio kapu linaloingia kodi zetu. Mama anayenunua sukari Kilombero na kijana wa bodaboda anayejaza petroli Kwa Mrombo wote ni wadhamini wa deni hilo, ingawa hawajaona hata ukurasa mmoja wa mkataba.

Hapa ndipo penye kutoelewana kwingi. Wengi tunadhani kila mkopo mkubwa hupelekwa bungeni ukapigiwa kura. Sivyo. Bunge hupitisha bajeti, na ndani ya bajeti kuna jumla ya fedha ambazo Serikali inatarajia kukopa mwaka huo. Chukua bajeti ya 2024/25, iliyokuwa ya shilingi trilioni 49.35. Mapato ya ndani yalikadiriwa trilioni 34.61. Misaada na mikopo nafuu ilikuwa trilioni 5.13, mikopo ya ndani trilioni 6.62, na mikopo ya nje yenye masharti ya kibiashara trilioni 2.99. Hizo ndizo tarakimu alizozisikia mbunge wako. Benki ipi itakopesha, kwa riba gani, kwa dhamana gani, na ukitokea mgogoro kesi itasikilizwa nchi gani, hayo hayamo kwenye mistari hiyo. Hata ule mstari wa trilioni 5.13 unaweka zawadi na deni mahali pamoja. Vitabu vya bajeti huvitenganisha ukifungua ndani, lakini msikilizaji wa redio anayesikia hotuba ya Juni hapati tofauti hiyo.

Majirani zetu wamechukua njia nyingine. Katiba ya Uganda, ibara ya 159, inasema Serikali haiwezi kukopa mpaka masharti ya mkopo wenyewe yawekwe mezani bungeni na kuidhinishwa kwa azimio. Kenya, kwa ibara ya 211, bunge lolote kati ya mawili likipitisha azimio la kutaka taarifa za mkopo fulani, waziri ana siku saba kuziwasilisha kwenye kamati: deni lote ni kiasi gani, fedha zimetumikaje, zitalipwaje. Sisemi kwamba Uganda na Kenya hazina madeni ya kutisha. Zinayo, na wabunge wa huko wamewahi kupitisha mikopo mbiombio. Lakini mkopo uliowekwa mezani unabaki kwenye kumbukumbu rasmi za bunge. Mwandishi wa habari anaweza kuzirudia baada ya miaka mitano akaonyesha nani alisema nini.

Na si kwamba sisi hatujawahi kufikiri hivyo. Mwaka 2017 Bunge letu lilitunga sheria ya mapitio na majadiliano kuhusu masharti hasi katika mikataba ya maliasili. Hoja yake ilikuwa kwamba madini na gesi ni mali ya wananchi, kwa hiyo wawakilishi wao wawe na uwezo wa kuangalia mikataba na kutaka masharti mabaya yajadiliwe upya. Kodi za miaka 30 ijayo nazo ni mali ya wananchi. Sioni kwa nini mkataba wa dhahabu uangaliwe na Bunge, mkataba wa deni usiangaliwe.

Mkataba wenyewe unasema nini

Ukisikia "mkopo wa dola milioni kadhaa", bado hujaambiwa kitu. Mikopo miwili ya kiasi kilekile inaweza kutofautiana kama mchana na usiku. Mkopo wa kawaida wa IDA, dirisha la Benki ya Dunia kwa nchi maskini, huweza kulipwa kwa karibu miaka 40, miaka ya mwanzo bila kurudisha mtaji, kwa ada ya huduma ya asilimia 0.75. Mkopo wa benki ya biashara unaweza kukutaka umalize kwa miaka saba, kwa riba inayopanda na kushuka kufuata soko la dunia.

Jambo la pili ni sarafu, na hili ndilo linalotuumiza kimyakimya. Tuseme Serikali imekopa dola milioni 100 wakati dola ni shilingi 2,300. Hilo ni deni la shilingi bilioni 230. Dola ikifika 2,700, kama ilivyofika mwaka 2024, deni lilelile linakuwa bilioni 270. Bilioni 40 zimeongezeka bila kujengwa darasa wala kununuliwa dawa, kwa sababu mapato yetu ni shilingi na deni ni dola. Shilingi ikiimarika, kama ilivyofanya mwishoni mwa mwaka huohuo, nafuu nayo inapatikana. Lakini anayebeba hatari hiyo siku zote ni mkopaji.

Kuna ada ambazo hazisemwi kwenye sherehe za kusaini. Mikopo mingi hutoza asilimia ndogo kwa fedha zilizoidhinishwa ambazo hazijachukuliwa. Kwa hiyo mradi ukikwama kwa sababu watu wa njia ya bomba hawajalipwa fidia, au mkandarasi hajapatikana, tunalipia fedha ambazo hatujazitumia. Mwenyekiti wa mtaa anayeng'ang'ania fidia ilipwe mapema anaokoa fedha za Hazina, hata kama yeye anaona anatetea wakazi wake tu.

Kisha kuna kifungu cha usiri. Mwaka 2021 watafiti walichapisha uchambuzi wa mikataba 100 ya wakopeshaji wa China na nchi 24, wakaonyesha jinsi vifungu vya kumzuia mkopaji asitangaze masharti vilivyoenea. Benki za biashara za Magharibi nazo hupenda usiri. Serikali inayosaini kifungu cha namna hiyo inakubali kumficha anayelipa. Kwangu mimi hilo ni sharti baya kuliko riba, kwa kuwa riba kubwa unaweza kuijadili ukiijua.

Bei ya giza

Kisa kinachofundisha kuliko vyote ni chetu wenyewe. Kati ya mwaka 2012 na 2013 Serikali ilitafuta mkopo wa dola milioni 600 kupitia Standard Bank ya London na benki dada yake hapa nchini, Stanbic. Ada ya kuutafuta mkopo ilianza kwenye asilimia 1.4. Ilipofika wakati wa kusaini ilikuwa asilimia 2.4. Ile asilimia moja ya nyongeza, dola milioni sita, ilipelekwa kwa kampuni ya hapa nyumbani ambayo, kwa mujibu wa nyaraka za mahakama, hapakuwa na ushahidi kwamba ilifanya kazi yoyote. Fedha zilianza kutolewa taslimu kwa mafungu makubwa ndani ya siku chache.

Nani aligundua? Si Bunge, wala mwananchi. Wafanyakazi wa benki hapa nchini ndio walioshtuka wakatoa taarifa, na jambo likafika kwa wachunguzi wa Uingereza. Novemba 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano ambayo benki ililipa faini na kuirudishia Tanzania zile dola milioni sita pamoja na riba ya takribani dola milioni moja. Kama mkataba ungewekwa mezani bungeni kabla ya kusainiwa, mtu yeyote mwenye kikokotoo angeuliza kwa nini ada imepanda kwa asilimia moja nzima, na nyongeza hiyo inakwenda kwa nani.

Kabla ya hapo ilikuwepo rada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilinunua rada ya BAE, kampuni ya Uingereza, kwa pauni milioni 28, kwa mkopo wa benki ya Barclays, huku Benki ya Dunia yenyewe ikisema bei ni kubwa kuliko mahitaji yetu. Baada ya uchunguzi wa Uingereza, kampuni ile ililipa pauni milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania, zikanunua vitabu na madawati. Tukaziita chenji ya rada. Madawati yalikuwa ya maana kwa watoto waliokuwa wakikaa chini, lakini chenji ilirudi kwa sababu mahakama ya nchi nyingine ilifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa hapa kabla fedha hazijatoka.

Kusini mwetu, Msumbiji, ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 2013 na 2014 maofisa walidhamini mikopo inayofika dola bilioni mbili kwa kampuni za uvuvi na ulinzi wa bahari, bila bunge kuarifiwa. Mwaka 2016 siri ilipofichuka, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na wafadhili walikata msaada wa bajeti, sarafu ikaporomoka, na wavuvi walioambiwa watanufaika wakakuta vyakula vimepanda bei.

Yaliyo wazi, na lugha yaliyoandikiwa

Itakuwa si haki nikisema kila kitu kimefungwa. Benki Kuu hutoa taarifa ya uchumi kila mwezi yenye majedwali ya deni. Wizara ya Fedha huchapisha mkakati wa deni wa muda wa kati. Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali (CAG), aliyewekwa na ibara ya 143 ya Katiba, hukagua, na ripoti zake hufika bungeni mwezi Aprili. Kwa ripoti yake ya 2023/24, deni la Serikali lilifika shilingi trilioni 97.35 hadi Juni 30, 2024, kutoka trilioni 82.25 mwaka mmoja kabla. Deni la nje lilikuwa trilioni 65.40, la ndani trilioni 31.95.

Kila tarakimu hizi zikitoka, Wizara hujibu kwamba deni letu ni himilivu. Tuielewe kauli hiyo inavyopaswa. Kipimo kinachotumika huangalia thamani ya sasa ya deni lote isizidi asilimia 55 ya pato la taifa, la nje isizidi asilimia 40, na vipimo vingine vya mauzo ya nje na mapato. Tanzania ipo chini ya mistari hiyo, na IMF huiweka kwenye kundi la hatari ya wastani. Kwa hiyo waziri akisema himilivu hasemi uongo. Ila kipimo kile kinajibu swali moja tu: tutaweza kulipa? Hakijibu kama barabara ilistahili bei iliyolipwa, kama masharti yalikuwa ya haki, wala kama waliohamishwa walifidiwa. Maswali hayo ni ya wananchi, na hayamalizwi kwa asilimia.

Deni la ndani nalipita haraka, kwa kuwa lipo wazi zaidi. Serikali huuza dhamana na hatifungani, yaani hati za kukopa za muda mfupi na za muda mrefu, kwa mnada, matokeo hutangazwa, na mwananchi mwenye shilingi milioni moja anaweza kununua hatifungani. Wakopeshaji wakubwa ni benki na mifuko ya pensheni, kwa hiyo mwalimu wa Njiro anayekatwa mchango PSSSF ni mdai na mdaiwa kwa wakati mmoja. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilikwenda mbali zaidi: iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kujenga miradi yake, na kwa kuwa ilikuwa inauza kwa umma, ililazimika kuandika waraka wa kueleza inadaiwa nini, inaingiza nini na italipaje. Mnunuzi wa hatifungani ya Tanga alipewa maelezo ambayo mlipa kodi hapewi kuhusu mikopo ya nje.

Kwenye mikopo ya nje kuna kioja kinachoniuma. Tangu Julai 2010, Benki ya Dunia huweka mikataba yake na nchi kwenye tovuti yake. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo huchapisha ripoti za tathmini, na kwa miradi ya umma yenye athari kubwa hutakiwa kuweka wazi tathmini ya mazingira na jamii siku 120 kabla bodi yake haijaamua. Hivyo mwana Arusha anayetaka kusoma kilichosainiwa na Serikali yake ana bahati nzuri zaidi akitafuta Washington au Abidjan, kwenye makao makuu ya benki hizo, kuliko akitafuta Dodoma. Na akishapata, ni Kiingereza cha wanasheria, kurasa kwa kurasa, hesabu zikiwa kwenye vipimo vya fedha ambavyo hakuna duka la kubadilishia linalovijua. Siku 120 za kutoa maoni hazina maana kwa mfugaji wa Terrat asiyejua kwamba zimeanza kuhesabiwa.

Waliosikilizwa, na kwa gharama gani

Wananchi wanaweza kuusimamisha mkopo? Wamewahi. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW wa kukuza utalii kusini. Wanavijiji wa kandokando ya Hifadhi ya Ruaha walilalamika kwamba mradi unahusishwa na kuhamishwa kwao na ukatili wa askari wa hifadhi. Mwaka 2023 malalamiko yao yalipelekwa kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, chombo kilichoanzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya watu wanaoathirika na miradi inayofadhiliwa na benki hiyo. Aprili 2024 fedha zilisimamishwa, na Novemba mwaka huo mradi ukafutwa.

Malalamiko kwenye jopo hilo yanaweza kuletwa na watu wawili au zaidi walioathirika. Yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na wanaweza kuomba majina yao yafichwe. Benki ya Maendeleo ya Afrika ina chombo cha aina hiyohiyo. Ni haki ambazo watu wachache sana wa Arusha na Moshi wanazijua, ilhali miradi yenyewe inapita uani kwao.

Lakini angalia jinsi mlango huo unavyofunguka. Sehemu kubwa ya fedha za REGROW ilikuwa imeshachukuliwa kabla ya kusimamishwa. Kilichofutwa ni salio. Kilichochukuliwa kinabaki deni letu, na wanavijiji waliolalamika watalilipa pamoja nasi kila wanaponunua sabuni. Ndiyo maana nasisitiza wakati: sauti inayokuja baada ya sahihi inaokoa kidogo, ile ya kabla ya sahihi inaokoa vyote.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakimo kwenye sheria yoyote, nacho ni woga. Desemba 2021, miezi michache baada ya IMF kutukopesha dola milioni 567 za kukabili UVIKO-19, fedha ambazo zilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, Spika wa wakati ule, marehemu Job Ndugai, alihoji hadharani kasi ya kukopa na kuonya kwamba ipo siku nchi itapigwa mnada. Tarehe 3 Januari 2022 aliomba radhi. Tarehe 6 alijiuzulu. Mtu anaweza kuona maneno yake yalikuwa sahihi au yalikosea; mimi mwenyewe naona mkopo ule ulikuwa wa masharti nafuu na ulielezwa kwa umma vizuri kuliko mingi, shule kwa shule na shilingi kwa shilingi. Ila kama kiongozi wa mhimili anaondoka kitini kwa kuzungumzia deni, diwani wa Muriet ataulizaje kwenye baraza? Nchi inayotaka wananchi wachunge fedha zao lazima iwahakikishie kwamba kuuliza kuhusu deni si kumpinga aliyekopa.

Kikundi cha watu watano

Fikiria akina mama watano wanaoomba mkopo kutoka lile fungu la asilimia kumi ya mapato ya halmashauri. Wanatakiwa wawe na katiba ya kikundi. Wanatakiwa walete muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa, wenye majina na sahihi za wote, kwa sababu wote watalipa. Wanaandika andiko la mradi: tutafuga kuku wangapi, banda bei gani, tutauza wapi. Mtendaji wa mtaa anawaandikia barua, afisa maendeleo ya jamii anakuja kuona. Mmoja asipotia sahihi, safari imeishia hapo.

Hakuna anayeona utaratibu huo ni usumbufu usio na maana. Tunauona ni busara. Basi ninachokiomba kwa Taifa ni utaratibu huohuo: waliobeba deni waone muhtasari kabla ya sahihi. Kisheria haihitaji makubwa. Marekebisho ya Sura ya 134 yanaweza kuitaka Serikali iweke mezani bungeni masharti ya kila mkopo wa nje unaozidi kiwango fulani, yakataze vifungu vya usiri isipokuwa kwa mambo ya ulinzi, na yaagize muhtasari wa Kiswahili uchapishwe na kupelekwa kwenye halmashauri zinazohusika.

Kabla hilo halijafika, yapo ya kufanya hapahapa. Vijijini, Arumeru na Hai, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Ukifika wakati wa mengineyo, ulizeni: mradi huu ni msaada au ni mkopo, fidia imetengwa kiasi gani, na tathmini ya mazingira iko wapi tuisome. Mbunge wenu aulizwe, tena kwa maandishi, mkopo wa mradi huo una masharti gani. Akisema hajui, amwandikie waziri swali la bungeni, ambalo jibu lake huingia kwenye kumbukumbu rasmi.

Na mwananchi mmoja mmoja anayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo wengi hatujawahi kuitumia. Mwaka uliofuata nchi ilijitoa kwenye ule ushirikiano wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, lakini sheria yenyewe ipo na inafanya kazi. Inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi ina siku 30 za kujibu. Ikikataa, itoe sababu, nawe unaweza kuomba uamuzi upitiwe upya.

Barua haihitaji wakili. Taja mradi kwa jina lake, kisha omba vitu hivi: kiasi cha mkopo na sarafu yake, riba na ada zote, mwaka wa kuanza na wa kumaliza kulipa, jina la mkopeshaji, fedha zilizochukuliwa mpaka sasa, na nani aliwajibika kulipa fidia. Saini, weka namba ya simu, ipeleke masijala ikiwa na nakala ya pili. Nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.